Viazi Vitamu vya Kuchoma kwa Karanga: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kuwasha Jiko

Katika Bonde la Kilombero wali ndio chakula kikuu, na mgeni anayefika Ifakara huandaliwa wali na samaki kabla hajaulizwa anapendelea nini. Kiazi kitamu hakijapewa heshima hiyo. Huchemshwa asubuhi kikanywewa chai, na kinachobaki huhifadhiwa kwa ajili ya watoto watakaporudi shuleni. Hata hivyo, kiazi hicho hicho kikichomwa polepole kikiwa kizima, kisha kikachanganywa na karanga zilizokaangwa na kutwangwa kidogo, hugeuka kuwa chakula cha pembeni kinachostahili kuwekwa mezani pamoja na samaki wa kuchoma, kuku au maharage. Utamu wake hauhitaji sukari, na harufu ya karanga humfanya hata asiyependa viazi anyooshe mkono.

Makala hii inaeleza namna ya kukiandaa. Lakini msomaji ataona kwamba sehemu kubwa ya maelezo haihusu moto wala sufuria, bali kile anachokitia katika kikapu chake sokoni. Sababu ipo. Kiazi na karanga, kila kimoja kina ubaya wake ambao moto hauuondoi, na chakula chenyewe, kwa kuwa ni kitamu, kina uwezo wa kuuficha ubaya huo. Asali na mdalasini vikishakolea, ulimi haupati tena nafasi ya kutoa onyo. Katika lugha ya sheria za biashara mnunuzi huitwa mlaji. Hapa neno hilo lina maana zake zote mbili.

Utamu unatoka wapi

Wapishi wengi wanajua kwa uzoefu kwamba kiazi kilichofukiwa kwenye majivu ya moto ni kitamu kuliko kilichochemshwa, ingawa vyote vimetoka katika tuta moja. Kiazi kibichi kina wanga mwingi na sukari kiasi. Ndani yake kimo pia kimeng'enya kinachouvunja wanga na kuugeuza kuwa sukari iitwayo maltosi. Kimeng'enya hicho hakifanyi kazi ya maana wanga ukiwa bado mgumu. Huanza kazi wanga unapolainika kwa joto la takriban nyuzi 60 za Selsiasi na kuendelea, na huharibika joto la ndani ya kiazi linapokaribia nyuzi 80. Kwa hiyo muda ambao kiazi hukaa kati ya viwango hivyo viwili ndio unaoamua utamu wake.

Kiazi kilichokatwa vipande vidogo na kutumbukizwa katika maji yanayochemka huvuka kipindi hicho kwa dakika chache. Kiazi kizima kilichozungukwa na majivu au makaa yaliyopungua nguvu hupata joto taratibu, na sukari hujitengeneza humo humo. Anayenyunyiza sukari juu ya viazi alivyovichemsha kwa haraka analipia dukani kitu ambacho jiko lake lingempa bure.

Kuchagua viazi

Viazi vya kuchoma viwe vya ukubwa wa wastani na vinavyolingana, ili viive kwa wakati mmoja. Ngozi iwe kavu na imara, isiyo na michubuko wala madoa meusi yaliyobonyea. Kiazi kilichokaa siku kadhaa baada ya kuvunwa mara nyingi huwa kitamu kuliko kilichotoka shambani asubuhi ile, hivyo mlaji asiwe na wasiwasi na kiazi kilichonyauka kidogo. Asiwe na wasiwasi pia na kiazi kilichoanza kutoa machipukizi. Wengi hukitupa kwa kukilinganisha na kiazi mviringo, ambacho kikiwa na rangi ya kijani au kikichipua huwa na sumu. Mimea hii miwili haina undugu wa karibu, na machipukizi ya kiazi kitamu hayana madhara hayo. Majani yake ndiyo matembele tunayoyala kila siku.

Kinachopaswa kutiliwa wasiwasi ni vitundu vidogo vya mviringo. Hiyo ni alama ya fukusi wa viazi, mdudu ambaye watoto wake hutoboa njia ndani ya kiazi na kuiacha imejaa uchafu mweusi. Kiazi kilichoshambuliwa hujitetea kwa kutengeneza kemikali chungu zenye harufu kali. Hali hiyo hutokea pia kikishambuliwa na baadhi ya magonjwa ya ukungu. Ng'ombe wamewahi kufa kwa kuharibika mapafu baada ya kulishwa viazi vitamu vilivyooza kwa ukungu. Kuchemsha au kuchoma hakuziondoi kemikali hizo, na uchungu huenea mbali kuliko sehemu nyeusi inayoonekana. Kukata doa na kupika kilichobaki, jambo linalofanyika katika nyumba nyingi, hakutoshi. Kiazi kinachonuka hivyo au chenye uchungu kitupwe chote. Kabla ya kununua fungu zima, muombe muuzaji akikate kiazi kimoja mbele yako; muuzaji anayeiamini bidhaa yake hatakataa.

Kuhusu rangi, viazi vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vinavyojulikana zaidi kwa jina la viazi lishe, vina karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Upungufu wa vitamini hiyo hudhoofisha kinga ya mtoto na huweza kumfanya asione vizuri giza linapoingia. Kazi ya kuzalisha na kueneza viazi hivi Afrika ilitambuliwa kwa Tuzo ya Chakula Duniani ya mwaka 2016, na miongoni mwa waliotunukiwa alikuwamo mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga. Aina zinazopatikana nchini ni pamoja na Kiegea, Mataya na Kabode. Karotini hufyonzwa vizuri mwilini inapoliwa pamoja na mafuta, na karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Kwa maana hiyo, kuviunganisha viazi lishe na karanga katika sahani moja si suala la ladha peke yake. Viazi vyeupe navyo vinafaa. Vina unga zaidi na havilowani haraka, na mpishi aliyezoea kiazi kikavu huenda akavipendelea.

Karanga

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi, na hapa tunamwomba msomaji asiwe na haraka.

Karanga, kama mahindi, hushambuliwa na kuvu jamii ya Aspergillus wanaotoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo ilianza kufahamika mwaka 1960 nchini Uingereza, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa kwa ugonjwa usiojulikana, na uchunguzi ukaonyesha kwamba chanzo kilikuwa chakula chao kilichotengenezwa kwa mashudu ya karanga. Leo inajulikana kuwa aina yake kali zaidi, B1, husababisha saratani ya ini kwa binadamu, na kwamba mtu mwenye maambukizi ya homa ya ini aina ya B akila chakula chenye sumukuvu mara kwa mara hatari yake huongezeka maradufu na zaidi.

Hayo ni madhara ya polepole. Yapo pia ya haraka. Katikati ya mwaka 2016, watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa kutapika, maumivu ya tumbo, macho ya manjano na tumbo kujaa maji. Zaidi ya 60 waliugua na wapatao 20 walifariki, baada ya kula mahindi yaliyochafuliwa na sumukuvu. Nchini Kenya mwaka 2004 hali ilikuwa mbaya zaidi: waliougua walikuwa 317, na 125 kati yao walifariki. Chakula kilichohusika katika matukio hayo kilikuwa mahindi, lakini sumu ni ile ile, na karanga ni miongoni mwa mazao yanayoipata kwa urahisi.

Kuvu hupenda joto na unyevu. Bonde la Kilombero, lililo kati ya Milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, ni ardhi oevu iliyoorodheshwa katika Mkataba wa Ramsar mwaka 2002, na nyakati za masika sehemu kubwa yake hujaa maji. Unyevu unaoustawisha mpunga ndio huo huo unaoharibu karanga zilizohifadhiwa. Karanga iliyofika Ifakara ikiwa kavu yaweza kuvuta unyevu ikiwa katika gunia lililolazwa sakafuni, ikaharibika wiki chache baadaye bila ya kosa la mkulima aliyeilima. Kwa hiyo kumuuliza muuzaji karanga zimetoka wapi hakutoshi. Zitazame zilivyo leo.

Nunua karanga nzima zilizobanguliwa au zilizo katika maganda yake, zisiwe zimesagwa. Karanga iliyosagwa imekwisha kupoteza ushahidi wote: punje zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye ukungu, ambazo mnunuzi angezikataa kwa macho, zikishapita mashineni hazitofautiani na nyingine. Bei nafuu ya unga wa karanga usiojulikana ulikotoka ina maelezo yake. Mimina kiasi kidogo cha karanga kiganjani. Punje iwe imejaa, yenye rangi moja. Ivunje: iliyo kavu huvunjika kwa sauti, yenye unyevu hupinda kabla ya kukatika. Nusa mkono wako. Harufu ya ukungu au ya mafuta yaliyochacha inatosha kukufanya uende kwa muuzaji mwingine.

Ukiwa nyumbani, zimwage karanga juu ya ungo mahali penye mwanga na uondoe punje zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zilizoota au zenye vumbi la kijani au la manjano. Kazi hii yaweza kuonekana ni ya kujisumbua, lakini ina msingi. Sumukuvu haigawanyiki sawasawa katika karanga zote. Mara nyingi punje chache mbaya hubeba sehemu kubwa ya sumu yote iliyomo katika kilo nzima. Kuondoa konzi moja kwaweza kuisafisha debe. Baada ya kukaanga na kuondoa maganda mekundu, chagua mara ya pili, kwa sababu baadhi ya madoa hujificha chini ya ganda hilo.

Wapo wanaoamini kuwa kukaanga kunaiua sumu. Moto huua kuvu wenyewe, lakini sumu waliyokwisha kuitoa hustahimili joto la jikoni, na kinachopungua hakitoshi kutegemewa. Kuosha hakusaidii. Ladha nayo ni mwongozo wa nusu tu, kwa kuwa sumukuvu haina ladha, harufu wala rangi inayoonekana. Uchungu huashiria ukungu au mafuta yaliyoharibika, na karanga chungu itemwe mara moja. Lakini karanga isiyo chungu haijapata kwa hilo cheti cha usalama. Mwandishi wa makala hii, kama watoto wengi, alilelewa akitema karanga moja chungu na kutafuna kumi zinazofuata kutoka katika pakiti ile ile, na hakuna aliyemwambia kuwa ile moja ilikuwa inazungumza kwa niaba ya wenzake.

Punje zilizokataliwa zifukiwe au zichomwe. Wasipewe kuku, habari ya bata mzinga wa mwaka 1960 inaeleza vya kutosha. Asipewe pia ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sehemu ya sumu hupita na kuingia katika maziwa.

Viwango vinavyotumika Afrika Mashariki vinataka sumukuvu ya jumla isizidi mikrogramu 10 katika kilo moja ya karanga, na aina ya B1 isizidi mikrogramu 5. Kiasi hicho hupimwa maabara, hakipimwi kwa jicho. Ndiyo maana kwa bidhaa zilizosindikwa, kama siagi ya karanga, tunamshauri mlaji atafute alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu Julai 2019 linasimamia pia usalama wa chakula, kazi iliyokuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya wakati huo. Kwa karanga za sokoni zisizo na pakiti, maabara ya kwanza ni ungo.

Namna ya kupika

Kwa watu wanne hadi watano, tayarisha kilo moja ya viazi vitamu, kikombe kimoja cha chai cha karanga zilizochaguliwa, vijiko vitatu vya chakula vya mafuta ya alizeti, vijiko viwili vya asali, nusu kijiko cha chai cha chumvi yenye madini joto, mdalasini wa unga kidogo au punje tatu za iliki zilizotwangwa, na ndimu moja. Asiye na asali asiitafute kwa gharama kubwa. Viazi vilivyochomwa vizuri havitaidai.

Osha viazi bila kuvimenya, vifute vikauke. Subiri makaa yapungue ukali na kuvaa majivu, kisha vipange juu ya wavu au vifukie pembezoni mwa jiko. Vigeuze kila baada ya dakika 10. Kulingana na ukubwa, vitahitaji dakika 45 hadi saa moja. Kiazi kilichoiva huingia kijiti bila ukinzani, na mara nyingi hutoa utomvu mzito wa rangi ya kahawia unaonata kama asali. Hiyo ndiyo sukari iliyotajwa hapo juu. Makaa yakiwa makali mno, ngozi huungua na kiini hubaki kigumu na kisicho na utamu, na hakuna kiungo kinachoweza kurekebisha kosa hilo baadaye.

Wakati viazi vinaiva, kaanga karanga katika kikaango kikavu kwa moto mdogo, ukigeuza bila kuacha, kwa dakika 10 hadi 15. Zitoe zikiwa na rangi ya dhahabu, kwani huendelea kukolea zikiwa bado na joto. Zikipoa, zifikiche kwa viganja, peta maganda kwa ungo, chagua mara ya pili, kisha zitwange kinuni kwa mapigo machache. Zikatike vipande, zisigeuke unga. Vipande ndivyo vinavyoleta mtafuno.

Menya viazi vikiwa na uvuguvugu, ondoa sehemu zote zilizoungua, kisha vikate vipande vinene kama vidole viwili. Vipake mafuta, chumvi na mdalasini, vipange katika sufuria pana kwa tabaka moja na unyunyize karanga juu. Funika na upalie makaa juu ya kifuniko, huku makaa ya chini yakiwa machache sana. Dakika 8 hadi 10 zinatosha kuvipa gamba lenye rangi. Mwenye jiko la umeme lenye tanuri ataweza kutumia joto la nyuzi 200 kwa muda kama huo. Asali imiminwe mwishoni kabisa, chakula kikiwa kimeshatolewa motoni, kwa sababu huungua upesi na kuwa chungu. Ndimu ikamuliwe mezani.

Chakula hiki huendana vizuri na kambale au perege wa kuchoma na matembele yaliyoungwa kwa tui. Pamoja na wali huwa kizito, lakini Ifakara hatutarajii kushinda hoja hiyo.

Watoto na kinachobaki

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kwa namna yoyote, kwani inaweza kubeba vimelea ambavyo utumbo wake bado hauwezi kuvihimili. Watoto wadogo wasipewe karanga nzima wala vipande vikubwa, vinavyoweza kuwapalia; zao zitwangwe laini nyumbani, baada ya kuchaguliwa. Mtu anayevimba midomo, kuwashwa au kubanwa pumzi baada ya kula karanga aache kuzila kabisa na apelekwe kituo cha afya mara moja.

Viazi vilivyobaki viliwe siku ile ile au asubuhi inayofuata vikiwa vimepashwa moto vizuri. Viazi vibichi visiwekwe kwenye jokofu: baridi hukifanya kiini kiwe kigumu hata kikipikwa. Karanga zilizokaangwa ziwekwe katika chombo kikavu chenye kifuniko kinachobana, zikiwa zimepoa kabisa, kwa kiasi kinachoweza kuliwa ndani ya wiki mbili. Msimu wa masika nunua kidogo kidogo, hata kama bei ya gunia inavutia.

Ikiwa umenunua karanga au siagi ya karanga iliyofungashwa na ukakuta ina ukungu au uchungu, usiitupe pakiti. Ihifadhi pamoja na kilichomo na risiti kama unayo, andika jina la duka na tarehe uliyonunua, kisha uifikishe kwa afisa afya wa kata yako au katika ofisi ya Shirika la Viwango iliyo karibu. Namba ya toleo iliyochapishwa pembeni mwa pakiti, ambayo wengi hawaioni, ndiyo inayowezesha bidhaa nyingine za toleo hilo kutafutwa na kuondolewa madukani.